Kompyuta ya Chogo na Zamu za Chini

Jumatano, 3 Septemba 2025

Leo miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Kasulu. Wakati ule nilivuka Busisi kwa kivuko. Sasa kuna daraja, nami sijalipita hata mara moja. Mgongo unauma. Lakini nina kompyuta!

Bi Nusrat amefunga darasa lake la kompyuta pale Nyamagana, ghorofa ya tatu. Amebaki na duka la fotokopi tu, huko huko chini. Nimemshushia meza, viti na makabati peke yangu, siku mbili. Nikamwambia sitaki hela, nataka ile kompyuta moja ya zamani, yenye kioo cha chogo. Alicheka. Akanipa, na kitabu cha mafunzo juu. Akasema ukikwama pita dukani.

Nimeibeba kichwani hadi Mkuyuni, safari mbili. Mama mwenye nyumba kauliza kama nimenunua televisheni. Hapana mama, hii inafanya kazi.

Betri yake ya ndani imekufa. Kila nikiwasha inasema ni mwaka 2010. Kwa hesabu yake hata sijaoa.

Alhamisi, 4 Septemba

Ngumi kazini, gatini. Paulo na Luhaga. Sababu ile ile — nani aende chini.

Anayekwenda chini anaingia tumboni mwa boti, anapokea mifuko ya saruji na kuipanga. Joto, vumbi, hakuna upepo. Ukitoka unakohoa siku mbili. Tuko wapagazi kumi na wawili, na kila siku wanashuka wawili. Zamu anazo nyapara wetu, Mashimba, kichwani mwake. Na humo kichwani Venant hayumo. Ni shemeji yake. Mwaka mzima hajashuka. Wote tunajua, hasemi mtu.

Leo nikasema. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nimesema kompyuta inaweza kupanga zamu kwa bahati nasibu, kila mtu mara moja kwa wiki, na haijui shemeji ya mtu.

Mashimba akauliza: "Wewe Yeremia, darasa la tano, huo ulimi umeuwekea bando lini?"

Wakaangua kicheko. Venant ndiye aliyecheka zaidi.

"Haya," akasema Mashimba. "Jumatatu nizione hizo zamu. Ukishindwa unashuka wewe mwezi mzima, na usije kunililia."

Luhaga, mdomo bado unavuja damu: "Muha, tukushonee kabisa sanda ya mifuko ya saruji?"

Mwezi mzima! Na kifua changu hiki. Nimekubali.

Ijumaa, 5 Septemba

Kitabu kinasema kwanza uweke Python, ndiyo lugha ya kuiagiza mashine. Nimeipakua kwa simu, nikaihamishia kwenye kompyuta kwa waya. Ikakataa. Windows yangu ya zamani mno. Bando likaisha. Nimenunua jingine badala ya mboga, nikatafuta Python ya zamani, 3.8. Imeingia!

Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika python kama kitabu kinavyosema. Likajibu halilijui neno hilo. Nimefuta yote, nimeweka upya. Halijui. Mara ya tatu — halijui.

Sijamwambia mtu. Ugali mkavu.

Jumamosi, 6 Septemba

Baada ya kazi nimepita kwa Bi Nusrat. Shikamoo, marahaba, vipi mwanafunzi wangu. Nimemweleza. Akauliza: wakati wa kuiweka, kile kiboksi kidogo cha chini ulikitia tiki?

Sikukitia. Nilikiona mara zote tatu, nikakiruka.

"Kwa nini, baba?"

Nikamwambia ukweli. Gatini tiki ni ya karani. Mpagazi hashiki karatasi ya karani. Luhaga aliwahi kutia tiki moja tu, kumsaidia karani aliyekwenda chooni, akarudishwa nyumbani wiki nzima. Mkono wangu umeshazoea kupita mbali.

Bi Nusrat alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kiboksi hicho ndicho kinachoiambia mashine Python inakaa wapi. "Na chumbani kwako, Yeremia, karani ni nani?"

Mimi, mama.

Nimerudi karibu nakimbia. Nimefuta, nimeweka upya, nimetia tiki. Dirisha jeusi, python — limeitika! Nikaandika print, mabano, jina langu. Likaniandikia: Yeremia.

Mara ya mwisho jina langu kuandikwa vizuri hivyo ni kwenye cheti cha ubatizo.

Jumapili, 7 Septemba

Kuna mfano kitabuni wa kuchanganya majina ya wanafunzi. Nimeweka majina yetu kumi na mawili. Mistari tisa. Nilisahau bano moja, mashine ikanigomea, nikaliona mwenyewe! Bila kumuuliza mtu.

Nikaogopa jambo jingine. Nikipeleka karatasi tu, watasema nimejipangia. Nikampigia Mashimba aje aone. Baada ya ibada wakaja, yeye na Paulo na Luhaga. Wamekaa kitandani, watatu, kama wakwe.

Nikamwambia: bonyeza wewe, nyapara.

Akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anagusa chuma cha moto. Majina yakashuka yote. Jumatatu: Venant na Yeremia.

Mashimba akasema: "Rudia."

Hapo Luhaga akasema, kwa heshima lakini akasema: "Nyapara, si tumekuja kuona mara moja?" Paulo naye akaitikia. Wale wale waliopigana Alhamisi!

Mashimba akaomba kalamu. Akanakili orodha yote kwa mkono wake, akatia sahihi. Mlangoni kaniambia, Darasa la Tano, umeweza.

Nimempigia Tereza kule nyumbani. Mke wangu kauliza kompyuta inaliwa? Lakini alikuwa anacheka. Kauliza na ninarudi lini.

Jumatatu, 8 Septemba

Naandika huku chini, juu ya mfuko. Nimeshuka mapema, kabla ya kuitwa. Nasubiri mwenzangu.

Hajashuka. Juu kuna kelele. Venant anasema hashushwi na televisheni ya Muha, nifukuzwe leo leo. Paulo anasema basi hakuna mfuko utakaobebwa. Wengine wamekaa gatini, nawasikia wakiguna. Mwenye boti anauliza kuna msiba?

Sasa sauti ya Mashimba. Anasema shemeji, huu mwandiko ni wangu.

Naona viatu vya Venant, ngazi ya juu kabisa. Havishuki. Haviondoki.

Nikifukuzwa, kesho alfajiri napanda basi na kompyuta yangu, jioni nipo Kasulu. Venant akishuka, nabaki kazini, na Tereza anisubiri Krismasi: Jumanne, tarehe 23 Desemba.