Kidole Kitupu

4 Machi

Mama Pacha, mke wangu,

Salamu nyingi. Pacha wetu hawajambo? Mimi mzima, ila roho haijatulia. Rafiki yangu dereva wa lori alimpeleka mkewe kujifungua hospitalini kwenu. Anasema alikuona kwa dirisha la wodi ya vichanga, kidole kitupu, unacheka na daktari kijana mpaka jino la mwisho. Mimi huku darajani nachomelea vyuma juani, kumbe nimeshavuliwa kama kiatu! Pete yangu iko wapi?

Mumeo

15 Machi

Baba Pacha,

Hatujambo, pacha wanakusalimu. Pete iko kabatini, ndani ya kile kikombe ulichokivunja mkono. Mume wangu, nahudumia watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Pete, saa, kucha ndefu, vyote marufuku. Chini ya pete sabuni haifiki, vijidudu vinajificha humo, na kichanga wa kilo moja hana nguvu ya kupambana navyo. Hata huyo daktari yake anaiacha mfukoni. Tulicheka kwa sababu mtoto aliyekuwa mahututi alimkojolea shati. Huo wivu wako kaunawishe.

Mkeo

2 Aprili

Mama Pacha,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili tu. Mke wa msimamizi wetu naye ni nesi, kwenye zahanati ya hapa, na pete anavaa mpaka kazini. Nimeiona kwa macho yangu. Sema tu yangu imekuwasha. Mtu akikuona hivyo atajuaje una mwenyewe? Ivae. La sivyo, likizo ya Juni msinisubiri.

Mumeo

11 Aprili

Baba Pacha,

Watoto hawajambo, kila siku wanauliza Juni ni lini. Jana niliivaa kwa ajili yako. Nikafika kwenye sinki la wodi, nikafungua maji, nikawaona vichanga kupitia kioo. Nikaivua. Kazini sitaivaa, hata uninunie mwaka mzima. Inaniuma kwamba unamwamini dereva wa lori kuliko mimi. Kuja au kutokuja, shauri yako.

Mkeo

9 Julai

Mama Pacha, mke wangu mpenzi,

Hamjambo? Nisamehe kimya changu, kilikuwa kiburi. Mwezi wa tano chuma kiliniangukia mguuni. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri, kisha kikaanza kutoa usaha. Aliyekuwa akinifunga kidonda ni yule mke wa msimamizi. Anamfunga jirani yangu wa benchi mwenye usaha, anageukia kwangu, pete kidoleni, mikono haijaona maji. Maneno yako yakanijia. Nikamwambia, "Dada, vua pete kwanza, unawe." Akanuna, akaniuliza nimesomea wapi unesi. Nikamjibu, "Nimeuoa."

Siku hizi anavua, ananawa, na kidonda kinakauka. Nuno limemwisha, kila asubuhi tunacheka. Pete yako ikae kikombeni. Nilikukosea.

Mumeo

17 Julai

Baba Pacha,

Pole sana, mume wangu. Nimelia, nikacheka, nikalia tena. Barua yako nimewasomea manesi wenzangu wodini, na hapo kwenye "nimeuoa" nilirudia makusudi.

Ila nyumbani nimeisoma upya. Yaani umemvua pete mke wa mtu, kila asubuhi anakushika mguu, na mnacheka? Mtu akimwona hivyo atajuaje ana mwenyewe?

Nimeomba ruhusa. Jumamosi niko hapo, na kidonda hicho nitakifunga mimi. Mwambie huyo dada apumzike. Pete nitaivaa safari nzima. Nikifika nitaivua, ninawe, ndipo nikushike.

Mkeo