Sauti Isiyoandikwa Jina

Mjukuu wangu Kavira,

Nakuandikia kujibu swali lako: kwa nini jina langu halimo katika diski za orkestra yetu ya Butembo, zilizotolewa upya. Hapa Beni tu wazima. Mama yako amevuna maharage.

Siku ya kurekodi, nikiwa msichana, kiongozi wa orkestra aliniuliza jina la kuandika. Orkestra ilipiga kwenye baa, nami niliimba pia kwaya ya parokia; aliyejulikana kuimba baa alinyimwa komunyo, na baba yangu hakujua.

“Hapana andika, papa atajua.”

“Basi sauti itabakia yako tu, dada.”

Juzi nilimpigia simu kiongozi huyo anishuhudie kwamba sauti ile ni yangu.

“Mama, babinti balikuwa mingi,” akajibu; kati ya wasichana wote hao, hanikumbuki.

Komunyo niliipata. Sauti nilimwachia yeye, na hilo linaniuma. Jumamosi, saa nne asubuhi, nitaimba mlangoni pake Butembo. Tukutane hapo.

Koko wako