Baba, Bwana Shamba Hataki Majani

Baba yangu kipenzi,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo nikilitamka nacheka peke yangu jikoni. Hamisi wangu, yule kijana wa bandarini uliyemwambia, "Rudi na wazee wako, usirudi na maneno," alirudi na wazee wake. Ananiita "ua langu" hata mbele ya mama yake! Furaha niliyonayo ningeweza kuigawa nyumba hadi nyumba Mikindani nzima, na bado ikabaki.

Ila sungura wako anakufa, Baba, na ninayemuua ni mimi, kwa furaha hiyohiyo.

Unakumbuka ulivyomleta kutoka Mpapura ndani ya kikapu cha korosho? Nilidhani ni kitoweo. Ulicheka hadi ukakohoa. Ukamwita Bwana Shamba, maana kila asubuhi aliizunguka bustani yako akikagua mchicha jani kwa jani. Jioni mlikaa mkekani, wewe na sahani yako, yeye na ukoka wake, na hukumega tonge mpaka yeye aanze kutafuna. "Sisi tunakula pamoja," ulisema. Mimi nilinuna, chakula kinapoa. Ulipougua ulinishika mkono: "Mpe majani, mwanangu. Usimdekeze."

Nilimdekeza. Nilikuja naye kwa mume wangu, na siku zote saba za fungate sikugusa hata ufagio, nililishwa tu. Shangazi alinitia mdomoni keki, haluwa, korosho za kukaanga, na mimi kwa raha zangu nikawa nampenyezea Bwana Shamba chini ya kitanda.

"Mpe, mpe," shangazi akasema. "Na yeye bwana harusi huyo, masikio tu ndiyo yamezidi."

Tulicheka sana. Siku ya nane nikamwekea ukoka. Akaunusa, akanipa mgongo. Nikaona ni maringo, nikampa biskuti. Kesho yake tena biskuti. Wiki zikaenda hivyo.

Sasa mate yanamchuruzika kidevuni, na kinyesi chake ni punje chache tu, kama pilipili manga. Tulimpeleka kwa mtaalamu wa mifugo. Akamfungua mdomo, kisha akanitazama mimi. "Dada, meno ya sungura hayaachi kukua. Kinachoyasugua ni majani. Na bila majani tumbo nalo linasimama." Akayapunguza meno, akatupa dawa, akasema lililobaki ni moja tu: ale nyasi, mbichi na kavu, kutwa nzima.

Basi Hamisi anarudi kutoka kazini na fungu la ukoka kwapani. Wenzake wanampigia kelele, "We Hamisi, umeoa au umepewa zizi?" Anawajibu, "Vyote viwili, na nimeridhika!" Mume gani huyu, Baba! Tunauanika juani hadi unukie. Tunauficha ndani ya boksi ili autafute mwenyewe. Niliupaka ndizi kidogo, akalamba ndizi, akaacha ukoka. Anautazama kama mtu aliyesahau jina la jirani yake.

Jana mchana nilitandika mkeka wako. Nikaweka sahani yangu, nikaweka ukoka wake, nikasubiri. Hamisi akakaa, naye hakula. Wali ukapoa. Bwana Shamba akajikokota, akachukua jani moja. Akatafuna mara mbili. Nikamkamata Hamisi mkono kwa nguvu. Kisha jani likadondoka, na yeye akalaza kichwa juu yake.

Nikalia, Baba. Siku ya harusi sikukulilia hata tone. Nilikuwa nimependeza mno, nimependwa mno, nikajiambia nitakulilia baadaye. Jana ndiyo ilikuwa baadaye. Nililia mpaka Hamisi akanifuta kwa shati lake lenye harufu ya majani, akasema, "Ua langu, mkeka tusiukunje."

Hatujaukunja. Naandika nikiwa nimeukalia. Bwana Shamba yuko ubavuni pangu, anapumua harakaharaka, ukoka wa leo uko puani pake, haugusi. Sina tena tumaini la kusema, nina sahani tu.

Akinishinda, akaja huko uliko, mpokee. Mkatie majani kama zamani. Na tafadhali, usimuulize nilikuwa namlisha nini.

Binti yako,
ambaye bado hajala.