Kiti Kimoja ni Ng'ombe Wangapi

Dada Martina,

Shikamoo Dada. Shikamoo ya pili hii hapa, na ya tatu iweke akiba, maana ukifika mwisho wa barua unaweza kukataa kuniitikia.

Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Daudi? Mahindi yamesimama au mvua imeyalaza? Na yule ndama aliyekuwa anaharisha, alipona? Huku Uarabuni mwili wangu ni mzima. Joto ni la kukaanga yai juu ya boneti, na mimi nimelikaanga kweli, nikalila na chumvi.  Lakini nina hofu, Dada. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ile fisi watatu waliponisindikiza kutoka Tumati mpaka mlangoni kwa mama. Alikuwa mmoja. Leo nasema kweli tupu, basi nianzie hapo kwenye fisi.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikamtumia Mwalimu Zuhura wa hapo shuleni. Yeye ni mtu wa Lindi, amepangiwa kazi tu huko kwetu, hana ndugu hapo wa kumpelekea maneno. Nimemwomba aichapishe kwenye karatasi Jumatatu na akupe mkononi. Soma peke yako kwanza. Shemeji asiione kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka siku ile mlipoita watu wa kupalilia, kazi ikaisha, watu wakakaa kunywa pombe yao, shemeji akanipigia simu? Akaniweka kwenye spika. Nikasikia kelele, "Mjomba wa magari! Mjomba wa magari!" Wewe unanijua tangu nikiwa mdogo. Nikijua watu wananisikiliza, ulimi wangu unatoka zizini wenyewe. Nikasema mimi ndiye mkuu wa matairi kwenye timu hii ya magari ya mashindano. Nikasema gari haliondoki mpaka mimi nitikise kichwa. Mzee mmoja akauliza, "Na huyo dereva mnamlipa kiasi gani?" Nikacheka. "Mzee wangu, huku dereva ndiye anayelipa. Kiti kinanunuliwa."

Hilo lilikuwa kweli, Dada. Madereva wachache sana wanalipwa, wengine wote wanalipa wao ili wakae. Ningenyamaza hapo ningekuwa salama.

"Hata binti yangu Veronika anaweza kukaa?" shemeji akauliza.

"Akija na pesa anakaa. Nani atamkataza?"

"Sasa kiti kimoja ni ng'ombe wangapi?"

Sikujua. Nilikuwa sijawahi kumwuliza mtu. Lakini watu wote walinyamaza kunisubiri, nikasikia mpaka kuku wenu wanavyoparua uani. Nikasema, "Ishirini. Wanene."

Wakaitikia wote, "Eee!" Na wewe unajua kwetu bei ikishatajwa kwa ng'ombe mbele ya wazee, na wazee wakaitikia, hayo si maneno ya simu tena. Mimi nilisahau. Nimekaa huku mpaka nimesahau jambo analolijua mtoto wa kuchunga.

Alhamisi Veronika akanitumia ujumbe wa sauti. Anacheka mpaka maneno hayatoki vizuri. "Mjomba, baba amefikisha kumi na saba! Wale wa Tumati wamefika jana, bado wa Hirbadaw tu. Mnada wa Jumatano tunapeleka wote. Na mimi kuendesha canter nimeacha, bosi nimemrudishia funguo. Mjomba, niambie, helmeti nanunua mimi au wananipa?"

Nilisikiliza mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimekaa chini sakafuni.

Dada, wale ng'ombe shemeji hakuwaweka kwa watu eti kwa sababu zizi lake ni dogo. Baba yake ndiye aliyeanza. Rafiki huyu mmoja, yule wawili, wawatunze na wanywe maziwa, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize wote, na mwaka wa njaa uwe na mlango wa kubisha hodi. Ukienda kumchukua ng'ombe wako bila msiba wala mahari, umemwambia mtu kwamba urafiki umekwisha. Gidamis wa Hirbadaw, yule Mbarbaig mrefu, alimlisha shemeji miezi miwili mwaka ule wa ukame. Mjukuu wake anakunywa maziwa ya yule jike mwekundu. Shemeji akienda, Gidamis atamfungua ng'ombe na kumpa kamba mkononi, hatasema neno. Hilo ndilo ninaloliogopa, kwamba hatasema neno.

Sasa kazi yangu. Mimi si mkuu wa matairi. Mimi naosha rimu. Tairi likitoka kwenye gari, wenye kazi yao wanalivua, mimi naipokea ile rimu, naisugua vumbi la breki mpaka ing'ae, naisukuma kwenye toroli. Naisugua vizuri kuliko Mpakistani na Mfilipino ukiwaunganisha, hilo hata wao watakuambia. Lakini ni kuosha. Gari linaondoka hata nikiwa chooni.

Mkuu wetu wa kweli ni mzee wa Kiitaliano, tunamwita Aldo. Tunaelewana kwa Kiingereza cha kuokota. Baada ya ule ujumbe nikamfuata.

"Aldo, kiti cha msimu mzima ni bei gani?"

"Unataka kukaa wewe? Tumbo litaingia wapi?"

"Si mimi. Binti wa dada yangu."

"Baba yake ni tajiri?"

"Ana ng'ombe ishirini."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaniuliza ng'ombe mnene kwetu anauzwaje, nikamwambia. Akavua glavu, akatoa simu, akaanza kugawanya kama karani wa mnadani. Akaonyesha lile gari la mashindano lenye milango. "Seti moja ya matairi, ng'ombe saba. Inafanya kazi saa moja, basi." Akaonyesha lile la kiti kimoja, magurudumu nje kama trekta, hata madigadi hamna, gari la wanaojifunza. "Hili dogo. Msimu mzima, ng'ombe elfu moja."

"Elfu?"

"Kama hajagonga kitu. Akivunja bawa la mbele, hicho kibao cha puani, analipa yeye. Injini nayo inahesabiwa saa zake, zikiisha inafunguliwa, analipa yeye. Mainjinia wanalala hoteli, analipa yeye. Na mwakani akitaka kupanda gari kubwa zaidi, zidisha mara mbili, mara tatu."

Elfu moja, Dada. Ukiwapanga mstari, wa mbele anakunywa maji Hirbadaw na wa nyuma bado yuko zizini Daudi. Hapo labda nimeongeza kidogo. Lakini hili sijaongeza: wale ishirini wa shemeji wangeisha asubuhi moja ya mazoezi, kabla watu hawajala mchana, na Veronika angeshuka garini bila hata kikombe cha kubeba nyumbani.

Bei ilinitisha. Kilichonimaliza ni kilichotokea Ijumaa.

Tuna dereva mmoja hapa, kijana mwenye adabu, ananisalimia kila asubuhi. Baba yake alikuwa na viwanda viwili vya mikate kwao, sasa hana hata kimoja, vyote vimeingia kwenye kile kiti. Huyo baba gari likitoka hakai. Anasimama nyuma ya gereji na kofia yake mkononi, anaikamua kama nguo mbichi. Ijumaa gari likapita mbele yetu, mbio ambazo kivuli chake kilikuwa bado kinakuja nyuma, likaingia kona ya mwisho. Tukasikia mlio, kisha moshi. Mimi nilikuwa na rimu mikononi, nikaikumbatia kama mtoto.

Yule baba akamshika injinia kola. Akapiga kelele, "Gari! Gari limebaki nini?"

Kisha akajisikia mwenyewe alichosema. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Hakuna aliyemtazama, Dada. Wote tulijua kwa nini lilitangulia gari.

Kijana akaja kwa miguu, ameushika mkono wake mmoja, umening'inia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba nisamehe, nimevunja bawa."

Hapo nikamwona shemeji. Amesimama palepale na fimbo yake ya kuchungia. Na Veronika wetu anatoka kwenye moshi, anamwomba baba yake radhi ya ng'ombe.

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mara mbili. Mara ya kwanza shemeji akapokea na kuita, "Njooni, njooni, ni mjomba!" nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mara ya pili nilijikaza. Nikaanza, "Shemeji, kuhusu kile kiti..." Akasema, "Ehee, tuambie, watu wako hapa." Nikamsikia mama anakohoa kwa nyuma. Na mdomo wangu huu ukasema, "Kiti nimeshakishika." Nilipiga kukana, nikathibitisha. Ndiyo maana leo ni karatasi.

Sasa nakuomba. Jumanne jioni wazee watakuja kuwaona ng'ombe kabla ya safari ya mnadani, ndivyo alivyosema Veronika. Isome barua hii mbele yao, yote. Usinifichie jikoni. Bei niliitaja mbele ya watu, haiwezi kufutwa mahali pengine. Usiruke pale ninapoosha rimu, wala pale niliposema wanene. Wakitukana, waache watukane. Wakiuliza kama nilikuwa nimelewa, sema hapana, huku hata pombe hamna.

Kisha shemeji awarudishe wale wa Tumati, na asiende mikono mitupu. Apeleke asali, debe kwa kila boma, asali hiyo naitoa mimi kwenye mshahara, na aseme kosa ni la shemeji yake aliye mbali. Kwa Gidamis asitume mtu. Aende mwenyewe, akalale huko, ale chakula cha mwenyeji wake, na jike mwekundu abaki. Kama alishamchukua, sijui, Dada. Hapo akili yangu inagoma.

Veronika mwambie mjomba amemdanganya kiti, hakumdanganya uwezo. Hakuna dereva hapa ambaye ningemkabidhi canter imejaa vitunguu saumu ashuke mlima wa Magara siku ya mvua. Wangeliacha gari kona ya pili wapande tena kwa miguu. Na yeye anashuka anaimba. Aende kwa bosi wake asubuhi na mapema kabla funguo hazijapata dereva mwingine. Asione aibu, aibu ni yangu, yote. Sijamjibu ule ujumbe wake mpaka sasa. Naogopa kuisikia sauti yake ikiwa haicheki.

Nisalimie shemeji, lakini uiweke salamu mwisho kabisa, akishapoa. Mama mpe shikamoo yangu, umwambie ile picha anayoionyesha watu kanisani, mimi nimekaa ndani ya gari, niliruhusiwa dakika moja na mguu mmoja ulibaki nje. Mama mdogo wa Tumati msalimie na watoto wake wote. Binamu yetu katekista aniombee, ila asitaje jina langu kwa sauti kwenye misa.

Jumanne saa kumi na moja jioni nitapiga simu. Pokea wewe, si shemeji. Iweke kwenye spika, juu ya kigoda, katikati ya watu, halafu usome. Nitawasikia wanaocheka na wanaonyamaza. Nikianza kusema kabla hujamaliza, hata kama ni jambo zuri, hata kama ni la kuombea msamaha, funika simu kwa kanga yako uendelee kusoma.

Ni mimi mdogo wako,
Yakobo