Asali ya Juni Mosi

Kwihara, 10 Juni 2024

Mwanangu Advera,

Habari za Dar? Kifua kimepona? Sisi wazima, bibi yako anakusalimu, ila mimi moyo hauna raha. Mnunuzi wetu wa Ujerumani ameisimamisha asali. Anasema ile tovuti uliyotutengenezea inaonyesha tulirina tarehe 31 Mei, na kanuni ya kikundi chetu cha wafuga nyuki ni kutofungua mzinga kabla ya Juni mosi. Nilijaza Juni mosi kwa mkono wangu, na kwenye simu naiona hivyo hivyo. Mzee Ngassa anazunguka akisema mwenyekiti kavunja kanuni aliyoitunga mwenyewe. Jumapili wanachama wanakutana kuniondoa. Miaka kumi na moja nimewaongoza bila doa, Advera. Nitafutie kosa liko wapi.

Mama yako

Dar es Salaam, 12 Juni

Mama, shikamoo. Kifua kimepona. Nimefungua tovuti mara ishirini, nami naona Juni mosi. Mwombe Mzee Ngassa avute subira.

Mwanao

Kwihara, 13 Juni

Salamu nitakupa baadaye. Ngassa subira hana, hajawahi kuwa nayo. Tafuta.

Mama yako

Dar es Salaam, 14 Juni

Mama, shikamoo.

Nimelikamata. Kosa si lako wala la Mjerumani, ni langu. Ulipojaza tarehe bila saa, tovuti iliongeza saa yenyewe: saa sita kamili usiku, siku inapoanza kwenye kompyuta. Halafu ikaitunza kwa saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na huko ilikuwa bado Mei 31. Simu zetu zinairudisha kwenye saa ya Tanzania, ndiyo maana hatukuona kitu. Berlin wako nyuma yetu kwa saa moja, wao wakabaki na Mei. Nilipoiweka kompyuta yangu kwenye saa za Berlin, Mei 31 ikanitokea usoni. Nililia, kisha nikacheka.

Sasa tarehe ya kurina inatunzwa tarehe tupu, haina saa, popote inasomwa ileile. Za nyuma zote nimezinyoosha, na mnunuzi nimemwandikia. Nisamehe. Ukipenda, waambie mtandao ulisumbua, yaishe.

Mwanao

Kwihara, 16 Juni

Mwanangu, marahaba, zote mbili.

Mnunuzi kajibu jana. Kaomba radhi na anachukua mzigo wote. Barua yake niliisoma mkutanoni, ila habari ya mtandao kusumbua sikuitia. Mficha uchi hazai. Nikasema, kosa ni la binti yangu.

Ngassa akadakia, "Si nilisema?"

Nikamwambia, "Mzee, wewe ulisema nimefungua mizinga Mei. Huyu mtoto kakosea, kalitafuta kosa lake mwenyewe, kalitaja. Wewe la kwako unalitaja lini?"

Akavua kofia, akaniomba radhi mbele ya watu wote, na akawa wa kwanza kunyoosha mkono nibaki. Akina mama walipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Nimefurahi, mwanangu, sikufichi.

Wafuga nyuki wenzetu wa Usinge walikuwepo, nao wanataka tovuti. Nimewaambia utakuja mwezi ujao, na utaanza kwa kuwaeleza ulivyokosea.

Mama yako, mwenyekiti