Simenti ya Maman Nsimire

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Nimechoka. Asubuhi chantier, kwenye ujenzi, mchana tope, jioni mkutano wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Nyumbani mke wangu Euphrasie hakunisalimu. Alinionyesha tu kwa kidole nyuma ya nyumba, upande wa chumba cha mama yangu. Ukuta unaozuia udongo wa mlima umepasuka — ufa mpya, kidole kinaingia! Na simenti ya kuutengeneza haipo tena, nimeitoa jana. Jana kanisani padri aliuliza nani atamsaidia Maman Nsimire, mjane wa shirika letu, ambaye mvua ilimwangushia ukuta wake. Nikasimama. Mimi nitatoa simenti! Watu wakapiga makofi. Mke wangu alisikia pamoja na watu wote.

"Papa Déborah," ameniambia leo, "ungeniulizaka kwanza. Mimi niko nani mu hii nyumba?"

Nimevuta sahani yangu, nikala.

Jumatano, 8 Novemba

Nimebandika plasta juu ya ufa. Sisi mainjinia tunaiita témoin. Ikivunjika, ukuta unatembea. Euphrasie kapita nyuma yangu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Eh! Methali hiyo kila mteja hunitupia, akidhani yeye ndiye wa kwanza. Kutoka kwa mke wangu inauma.

Nimemwomba mama ahamie sebuleni kwanza. Amekataa. Tangu maumivu ya magoti yalipomtoa kijijini Mudaka, chumba kile ndicho kanisa lake.

"Mwana wani, mutoto wangu, mwenye kupana, Mungu anamulinda."

Anajisifu kwa majirani kwamba mimi ni mtoaji: mutoto wangu anapana! Yeye ndiye aliyenifundisha. Kule Mudaka hakuna aliyepita na njaa mbele ya mlango wetu. Lakini yeye kupokea hata chumvi ya jirani — thubutu! Heri ale maharagwe hivyo hivyo.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua. Témoin ni nzima. Asante Mungu. Nilianza rozari, nikasinzia katikati ya Salamu Maria.

Jumamosi, 11 Novemba

Euphrasie aliomba nibaki leo, vijana wa shirika waje kwetu kupunguza udongo nyuma ya ukuta. Nimeenda kwa Nsimire. Ukuta wake tumeshauanza, na ukuta wa nusu ni hatari kuliko kukosa ukuta! Hiyo ni sababu ya kazi. Sababu nyingine: niliahidi mbele ya altare, na naogopa macho ya watu. Ipi ilinibeba, Mungu anajua.

Tumemaliza. Umesimama vizuri, na matundu yake ya kutolea maji. Nsimire alilia. Nilifurahi — kweli nilifurahi. Halafu nikapanda kwangu, nikaona ule ufa, nikaona haya.

Jumapili, 12 Novemba

Témoin imevunjika!

Tulitoka misa, mvua kubwa, nikakimbilia nyuma. Plasta vipande viwili, tope linachuruzika kwenye ufa. Nikapiga kelele, wote nje! Binti yetu Déborah akamshika mdogo wake mkono. Euphrasie akabeba godoro. Mama kakaa kitandani na rozari yake. Twende wapi? Kwa Nsimire, nikasema. Kwenye kilima chote hakuna nyumba salama kama ile.

"Tulimupa, na leo twende kumuomba? Mimi hapana."

Nikamsihi. Nikamkemea — mama yangu! Hakusogea.

Ndipo Nsimire akaingia mwenyewe, amelowa chapachapa. Euphrasie alikuwa amekimbia kumwita. Hakubishana na mtu. Alichuchumaa mbele ya kitanda, akatoa mgongo.

"Mama, panda. Udongo haingojeake muntu."

Mama akaniangalia mimi. Nikainamisha kichwa. Akapanda.

Sasa tuko kwake. Ukuta wetu bado umesimama, mpaka lini sijui. Nausikiliza kutoka hapa. Nsimire ametuwekea bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Watoto wamekula. Euphrasie amekula, hata ameongeza. Mama hajagusa. Anasubiri mimi nianze. Na mimi pia kupokea kunanishinda: nimetoa daftari hili, najifanya naandika mambo ya kazi.

"Papa Ingénieur, unaandika nini?" Nsimire ananiuliza. "Bugali iko napoa."

Mama bado ananitazama.