Fupi, Ndefu na lango la kwetu

Jumapili, Mei 1998. Migosi, Kisumu.

Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Sikwenda kanisani. Nilivaa shati, nikafunga kamba za viatu, halafu nikakaa ukingoni mwa kitanda mpaka nikasikia majirani wakirudi.

Nje ya mlango kuna magari mawili. Jana jirani wa nyumba ya tatu aliniuliza, huku akicheka, kama siku hizi nimeanza biashara. Nikamwambia lile la kijani, refu, la milango mitano, si langu, ni la Odera kaka yangu, na Odera tulimzika wiki tatu zilizopita. Akasema pole, pole sana, akaingia kwake. Maskini, hakujua. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili.

Kesho jioni kuna mtu anakuja kuliona gari langu. Nataka kuliuza. Najua atalizunguka, atapiga magurudumu teke, atainama kutazama kama injini inavuja. Kisha ataona ile ndoano ya chuma ya kuvutia trela niliyoifunga nyuma, na ataniuliza swali. Nimeliwaza swali hilo wiki nzima. Ndiyo maana nimeshika kalamu mchana huu badala ya kulala.

Gari langu linaitwa Fupi. Jina hilo alilitoa Odera, kwa dharau, siku ya kwanza nilipolileta kutoka yadi ya magari Mombasa. Lina milango miwili tu. Wa kukaa nyuma lazima akunje kiti cha mbele, apande kama mtu anayeingia dirishani. Mara ya kwanza Mama alikwama katikati, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akacheka mpaka tukashindwa kumvuta. Lakini kwa mtu kama mimi, anayezunguka mji mzima kutafuta mabomba ya maji yaliyopasuka, hakuna gari kama Fupi. Linageuka kwenye vichochoro vya Migosi bila kurudi nyuma. Siku ya soko pale Kibuye unalipenyeza mahali ambapo wenzako wanapiga honi tu. Petroli unatia, unasahau.

Odera alichukua lake mwaka uliofuata. Nikaliita Ndefu, ili na mimi nisikae bure. Yeye alikuwa mchuuzi wa samaki, anakwenda Port Victoria mara mbili kwa wiki. Unakunja viti vya nyuma, unapanga makreti ya samaki na barafu, unafunga mlango. Likipita kwenye mashimo hulisikii. Langu ukitaka fo-wili unavuta kijiti. Lake linavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, dereva hana habari. Nikawa namwambia hilo ni gari la kumpeleka mama mkwe harusini, si la mwanaume. Yeye ananiambia langu ni kiatu.

Tulibishana hivyo miaka mitatu. Kila Jumapili, ufukweni Dunga, samaki mezani, boneti zote mbili ziko wazi, na wavuvi wamesimama kutuamulia. Sijui kama kuna siku tulikubaliana. Nilimpenda kaka yangu na sikuwahi kumwambia kwa njia nyingine yoyote.

Trela tuliitengeneza pamoja, kwa fundi wa jua kali pale Kibuye, kwa ekseli ya pikapu kuukuu. Ilikuwa ya kubebea mashua yake kutoka Dunga hadi nyumbani Asembo ikitaka kuzibwa matundu. Ni nzito hata ikiwa tupu. Daima aliivuta kwa Ndefu. Mara moja nikang'ang'ania niivute mimi. Kwenye tambarare ilikuja vizuri. Tulipoanza kuteremka, trela ikawa ndiyo dereva, inaisukuma Fupi huku na huku, na mimi nimeushika usukani kwa mikono miwili, jasho linanitoka. Odera alikuwa nyuma yangu, anaona kila kitu. Tulipofika hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi.

"Ogola," akasema, "hii gari yako ni ya mjini. Ukiifungia trela, itakuaibisha siku yenye watu."

Nilimnunia wiki mbili. Nikasema Fupi haina neno, breki tu ndizo zilikuwa zinahitaji kukazwa. Kila aliponiuliza baada ya hapo, jibu langu lilikuwa moja: inavuta.

Mwaka jana akaanza kukonda. Ikawa kifua, kisha tumbo, kisha kifua tena. Huku kwetu ziwani, mwanaume wa miaka arobaini na moja, mchuuzi anayelala ufuo huu leo na ule kesho, akifa amekonda, watu hawaulizi ameuawa na nini. Wanatazamana, jina la ugonjwa hawalitaji. Mama aliwaona wanavyotazamana. Siku mbili kabla ya safari ya kumpeleka kuzikwa alimtuma Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba, aje Kisumu kuniambia jambo moja tu. Hataki jeneza la bei, hataki mabasi mengi. Anataka mwanawe aingie kwa lango, mchana, watu wakiona.

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Boma lina lango lake, na mwenye heshima zake, akiwa hai au amekufa, huingilia hapo. Nyuma ya jikoni, kwenye ua wa miti ya ojuok, ile minyaa yenye utomvu mweupe, kuna pengo la kupitishia ng'ombe. Maiti ikiingizwa kwa pengo la ua ni ya mtu ambaye kifo chake hakisemwi kwa sauti. Aliyejinyonga. Aliyekufa na laana. Nililijua hilo tangu utotoni. Sitajidanganya humu kwamba sikujua.

Shemeji yangu, mke wa Odera, tunayemwita Nyar Alego, binti wa Alego, alitaka jeneza libebwe ndani ya Ndefu. Viti vikikunjwa lingetosha. Mimi nikakataa. Nikasema kaka yangu hawezi kwenda kwao kama kreti la samaki. Nitamvuta mwenyewe, kwa Fupi, kwenye trela tuliyoitengeneza pamoja, watu wamuone njia nzima. Hayo niliyasema, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kumshinda. Mtu amelala chumba cha maiti na bado nabishana naye.

Tuliondoka Kisumu Ijumaa, matawi na vitambaa vyekundu mbele ya magari. Ndefu ilitangulia, binamu yetu akiendesha, Nyar Alego na watoto ndani. Kisha mimi, na wanaume sita kwenye trela wakilishikilia jeneza. Lori la waombolezaji likawa nyuma. Mpaka Kisian nilikuwa najisikia vizuri, Mungu anisamehe, nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa nasema moyoni, unaona? Inavuta.

Mvua ilitukuta Ndori.

Tulipofika kwetu, ule mwinuko wa kuelekea langoni ulikuwa udongo mweusi uliolowa, ule unaoshika kiatu ukabaki nacho. Ndefu ilikuwa imeshapanda na kuingia. Niliona taa zake za nyuma uani. Mimi nikavuta kijiti, nikaweka gia ya kwanza, nikakanyaga. Fupi ikapanda nusu, ikaanza kuchimba. Trela ikateleza upande, jeneza likasogea kwenye kamba. Wale sita wakashuka, wakasukuma, matope yakawarukia usoni. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu nikaanza kurudi nyuma.

Baba Mdogo akaja dirishani kwangu, maji yanamtiririka kwenye kofia. Akasema tufungue trela, tuifunge kwa gari la Odera. Au tumbebe mabegani, ni hatua chache tu. Wanaume wapo.

Nikamwambia, "Baba, nimemtoa Kisumu, nitamfikisha."

Nikamtazama akirudi kwenye lori kuwatuliza watu. Na hapo ndipo nikafanya nililofanya. Nilikuwa natafuta ardhi ngumu, basi, kama dereva yeyote. Na nyuma ya jikoni kuna changarawe. Nikarudisha gari, nikazunguka ua, nikaingia kwenye pengo la ng'ombe. Matawi ya ojuok yalikwaruza ubavu wa trela, utomvu mweupe ukadondokea jeneza. Fupi haikuteleza hata kidogo. Nikasimama katikati ya uwanja, nikazima injini, na kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mtu aliyeshinda.

Kina mama walikuwa langoni wanaimba, wanatazama barabara ambayo mvua ilikuwa imeificha. Mama alikuwa mbele yao, ameshika majani ya kumpokelea mwanawe. Amesimama kwenye mvua saa nzima akimngojea huko, na sisi tumeingia nyuma ya mgongo wake.

Wimbo ulikatika sauti moja moja. Mama akageuka. Akatazama trela, akatazama pengo, akanitazama mimi.

"Ogola, mwanangu amepita wapi?"

Nilishuka, nikaanza kulegeza kamba za jeneza.

Wazee walikaa chini ya bati la jikoni. Mmoja akasema atolewe, aingizwe upya kwa lango. Mwingine akasema maiti ikishafika nyumbani haitoki tena, tutaongeza mabaya juu ya mabaya. Wakavutana. Mama ndiye aliyewakatiza. Akasema mwacheni Odera hapo, amechoka. Hakulia. Alikwenda kuketi karibu na jeneza, akaanza kufuta ule utomvu kwa kanga yake.

Watu wakala, wakazika, wakarudi makwao na habari yao. Waliokuwa wakitazamana sasa wanasema wazi. Wanasema familia yenyewe inajua alikufa na nini, ndiyo maana wakampitisha kwa pengo. Nimeisikia mwenyewe Dunga, kutoka kwa mama anayekaanga samaki, ambaye hakujua nimesimama nyuma yake. Kile kitu kimoja ambacho Mama alikiomba kilikuwa kuwafunga midomo hao. Mimi nimewapa ushahidi, tena kwa trela.

Jana nilikwenda nyumbani kuliziba lile pengo. Nilinunua nguzo na nikakata vipande vya ojuok vya kupanda. Kwa sababu ya mzigo niliifunga trela, na kwa sababu ukoo umeamua Ndefu ikae kwangu nimtumikie nayo Nyar Alego na watoto, niliifunga kwa Ndefu. Mara ya kwanza kuiendesha na trela. Kiti bado kimerudishwa nyuma kwa urefu wa miguu ya Odera. Sikukisogeza. Niliendesha nikiwa nimejinyoosha mpaka kiuno kikauma.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mwinuko ulikuwa ule ule, udongo ule ule, mbaya pengine kuliko siku ile. Nilisimama chini yake nikifikiri nishuke nibebe nguzo moja moja. Halafu nikaweka gia ya kwanza.

Ilipanda tu. Iliteleza mara moja, ikajishika, ikapanda. Trela ikafuata nyuma bila maneno, tukapita katikati ya lango, nguzo zikigongana taratibu. Sikuhitaji hata kuongeza mafuta. Natamani ingekwama. Natamani tungesukumana na yale matope mpaka jioni.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Hajawahi kunisemesha tangu siku ile, isipokuwa salamu, na salamu yenyewe ni kwa sababu ya watu. Aliitazama Ndefu, akaitazama trela, akageuza macho kuelekea langoni na alama za magurudumu zilizonyooka mpaka pale nilipoegesha.

"Kumbe ilikuwa inapanda," akasema.

Akarudi kwenye omena zake.

Nilichimba mashimo, nikasimamisha nguzo, nikapanda ojuok. Nilijikata kidole mara mbili. Saa saba aliniletea maji kwenye kikombe cha bati, akakiweka juu ya jiwe, hakuniambia karibu. Nikayanywa. Wakati wa kuondoka niliaga nikiwa mbali, akainua mkono kidogo, labda kwangu, labda alikuwa anafukuza kuku.

Sasa hivi nimetoka nje kidogo, nimezipapasa boneti zote mbili. Zote zimepata joto la mchana. Utomvu wa ojuok bado umeganda kwenye bampa ya Fupi, umekuwa mweusi. Nilitaka kuukwangua kabla ya mnunuzi kuja, nikauacha.

Atakuja kesho saa kumi na moja. Atauliza kama klachi ni nzima, nitamwambia ndiyo. Atauliza kama linakula mafuta, nitamwambia hapana, na hatapata gari bora kwa mitaa hii. Kisha ataishika ile ndoano, atauliza kama linavuta trela.

Odera aliniuliza swali hilo miaka mitatu, Dunga, mbele ya watu, akicheka, akingoja. Mara ya mwisho aliniuliza akiwa kitandani hospitalini, sauti imebaki kidogo tu, nikamwambia inavuta. Kesho nitamjibu mtu nisiyemjua hata jina.

Haivuti.